Maji ya juu na maji ya chini: kampuni ya bima imekataa dai la ghala langu, nisaini walichonipa?

Muuza Vitenge, Dar es Salaam

Ndugu zangu, naomba mawazo ya mtu mwenye uzoefu wa madai ya bima ya mali, hasa mwanasheria au mtu aliyewahi kufanya kazi ya kukadiria hasara.

Ninafanya biashara ya jumla ya vitenge, mashuka na vitambaa vya mapazia. Duka liko Kariakoo, na mzigo mkubwa ninauweka katika ghala la kupanga lililo upande wa chini, karibu na bonde la Msimbazi. Mwaka juzi nilichukua mkopo wa mtaji, na benki ikanitaka nikate bima ya mzigo kabla fedha hazijatoka. Nilijaza fomu pale pale mezani kwa ofisa mikopo, ada ikakatwa humo humo kwenye mkopo, nikapewa karatasi moja inayoonyesha kwamba mzigo una bima ya moto na majanga ya ziada, ikiwemo dhoruba, kwa thamani ya shilingi milioni 120. Kitabu chenye masharti sikukiona mpaka siku nilipokataliwa.

Katika masika ya mwaka huu, usiku wa kuamkia Jumapili, upepo mkali uling'oa mabati sita upande wa mashariki wa paa, na mvua ikawa inamwagikia moja kwa moja kwenye rafu. Mlinzi alinipigia simu saa saba usiku. Tulikwenda na vijana wangu tukafunika kwa maturubai tulichoweza. Alfajiri, kama saa kumi na moja, maji ya mtaani yakaanza kupenya chini ya mlango, na kulipokucha yalikuwa yamefika magotini. Majora yaliyokuwa sakafuni juu ya mapaleti yaliloa matope. Yale ya rafu za juu yaliloa mvua, rangi zikachuja na kuingiliana, hayauziki tena kwa bei ya kawaida.

Kwa hesabu yangu ya bei ya kununulia, nimepoteza mzigo wa milioni 70: milioni 48 kwenye rafu na milioni 22 chini. Kampuni ilimtuma mkadiriaji siku ya nne, na baada ya miezi mitatu ikaniandikia barua ya kukataa. Inasema kwamba chanzo cha hasara ni mafuriko, na mkataba hauwajibiki kwa hasara iliyosababishwa na mafuriko moja kwa moja au kwa njia nyingine yoyote. Inasema pia kwamba sikueleza kuwa ghala liko eneo linalofurika. Kisha inaongeza kwamba hata kama ingewajibika, mzigo wangu siku ile ulikuwa wa milioni 200 wakati bima ni ya milioni 120, kwa hiyo fidia ingepunguzwa. Siku mbili baadaye nikapigiwa simu: wako tayari kunipa milioni 9 "kwa ajili ya uhusiano mwema", ila nisaini karatasi kwamba sina dai jingine lolote.

Benki inaendelea kukata rejesho kila mwezi kama kawaida. Je, kisheria maji ni maji tu, yawe yametoka juu au chini? Nisaini?

Mzee wa Soko

Pole sana dada yangu. Mimi nitasema lile ambalo wengine watakwepa kulisema. Chukua hizo milioni 9 urudi kwenye biashara. Soko la Kariakoo lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, wenzangu niliowafahamu hawakuwa na bima kabisa, na hawakupata hata hiyo ya kuombea maji ya kunywa. Kesi ni wakili, wakili ni ada, na ada inataka mtaji ule ule ulioloa. Nimeona mfanyabiashara akishinda kesi baada ya miaka, wakati duka alishalifunga na wateja wake wamehamia kwingine. Haki anayo, ila hana tena cha kuiwekea rafu.

Mkadiriaji Mstaafu

Ninamheshimu Mzee wa Soko, lakini kwa hili siko naye, na sababu yangu ni ya hesabu wala si ya ushujaa. Nimekadiria hasara za mali kwa miaka mingi, mara nyingi nikiwa nimeajiriwa na upande wa kampuni, kwa hiyo ninajua barua kama hiyo inavyoandikwa na inavyopimwa.

Dada, kosa kubwa katika barua uliyopewa ni kwamba wamechukua hasara mbili wakazifanya moja. Usiwafuate huko. Wewe mwenyewe umeandika "nimepoteza milioni 70", na ukiendelea kusema hivyo utakuwa unawasaidia. Sema hivi: saa saba usiku upepo ulifungua paa, na mvua ikaharibu mzigo wa rafu wa milioni 48, saa kumi na moja alfajiri maji ya mtaani yaliingia yakaharibu mzigo wa sakafuni wa milioni 22. Mzigo wa kwanza ulikuwa umeshaharibika kabla maji ya pili hayajafika, na maji ya pili hayakuwahi kuufikia. Kama mafuriko hayamo katika bima yako, hizo milioni 22 zitakuwa zimekwenda na usipoteze nguvu kuzililia. Hizo 48 ndizo za kupigania.

Ushahidi wa kuzitenganisha upo, na bahati nzuri ni ushahidi unaoonekana kwa macho. Maji ya mvua huacha kitambaa kikiwa kimechuja rangi na pengine kina kutu ya bati, lakini hakina tope. Maji ya Msimbazi huacha tope, harufu, na mstari ukutani unaoonyesha yalipofika. Pima mstari huo kwa futi ya fundi, upige picha futi ikiwa inaonekana, kisha upime urefu wa rafu ya chini kabisa yenye mzigo ulioloa mvua. Kama mstari uko sentimita 50 na rafu inaanza sentimita 90, hakuna mtu atakayekuambia mafuriko yaliruka. Usitupe jora hata moja, na kama umelazimika kuuza kwa bei ya kutupa ili nafasi ipatikane, andika idadi, bei na jina la aliyenunua, kwa kuwa kampuni ina haki ya kutoa thamani ya mabaki katika fidia. Picha na video za usiku ule ziache kwenye simu iliyopigia, usizipitishe kwenye programu inayofuta saa na tarehe. Saa ile ya picha ndiyo itakayoonyesha kwamba paa lilitangulia. Mlinzi na vijana waandike maelezo yao sasa, wakiwa bado wanakumbuka. Halafu nenda Mamlaka ya Hali ya Hewa uombe takwimu za upepo na mvua za usiku ule kutoka kituo kilicho karibu, kwa sababu wakibanwa kwenye suala la paa watasema mabati yalikuwa yameoza na wala haikuwa dhoruba.

Sasa hesabu ya kupunguza. Kanuni ya uwiano ni halali, wengi huichukia kwa sababu hawakuelezwa. Ukikatia bima sehemu tu ya thamani ya mzigo, sheria ya mkataba inakuhesabu kuwa umebeba sehemu iliyobaki wewe mwenyewe, hata pale hasara ilipokuwa ndogo. Kwa takwimu zao, 120 ukigawa kwa 200 ni asilimia 60, na asilimia 60 ya milioni 48 ni milioni 28.8. Ukitoa sehemu ya hasara ambayo mteja hujibebea, tuseme ni asilimia 10, inabaki milioni 25.92. Yaani hata kwa hesabu yao wenyewe, ile ya kukubana, dai la rafu peke yake linakaribia mara tatu ya walichokupa.

Lakini ningeuliza hizo milioni 200 zimetoka wapi. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja mzigo wote ukithaminiwa kwa bei ya kuuzia, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, huku hasara ikithaminiwa kwa bei ya kununulia. Huo ni ujanja wa mizani miwili. Pitia leja yako na risiti za manunuzi, utafute mzigo wa siku ile ulikuwa na thamani gani kwa bei ya kununulia, kisha rudi hapa.

Mama wa Likoni

Pole dada. Mimi niko Mombasa, nilifanya kazi kwa dalali wa bima. Sitarudia aliyoyasema mzee hapo juu, ila kuna karatasi mbili ambazo hukuzitaja na bila hizo unapigana gizani. Ya kwanza ni nakala ya fomu ya maombi uliyojaza benki. Wanakulaumu kwamba hukueleza habari ya mafuriko. Je, fomu iliuliza? Ya pili ni ripoti ya mkadiriaji aliyetumwa na kampuni. Ziombe zote kwa barua, si kwa simu, na barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Vilevile soma kwenye jedwali la mkataba kama benki imeandikwa kuwa ndiyo ya kwanza kulipwa fidia. Mara nyingi ndivyo ilivyo kwa bima za mikopo, na hapo benki ina sababu yake yenyewe ya kukusaidia kudai badala ya kukaa ikikata rejesho tu.

Wakili wa Upanga

Nitajibu kwa mapana kwa kuwa maswali haya yanarudi kila masika, nikisisitiza kwamba maoni haya hayachukui nafasi ya wakili atakayeusoma mkataba wako neno kwa neno.

Kuhusu chanzo. Mahakama zetu zinatumia, pale ambapo sheria zilizotungwa hazijasema, kanuni za sheria ya Uingereza tulizozirithi kufikia tarehe 22 Julai 1920, na maamuzi ya Uingereza ya baadaye hutumika kama mwongozo wa kushawishi. Katika bima kanuni hiyo inataka kutafuta chanzo chenye nguvu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe cha mwisho kutokea. Mfano unaofundishwa ni kesi ya Leyland Shipping iliyoamuliwa mwaka 1918. Meli ilipigwa kombora la manowari ya Wajerumani, ikavutwa hadi bandari ya Le Havre, dhoruba ikaigongagonga, ikahamishiwa gati la nje, na siku chache baadaye ikazama. Wenye meli walidai kwamba bahari ndiyo iliyoizamisha, kwa kuwa bima yao ilifidia hatari za bahari lakini si za vita. Wakashindwa, maana jeraha la kombora halikuwahi kukoma kufanya kazi. Kampuni yako huenda ikaitumia hoja hiyo, lakini haiwasaidii: kwenye rafu zako mafuriko hayakuwa kombora, yalikuwa mgeni aliyefika wakati msiba umeshatokea.

Kesi itakayokusumbua ni ya Wayne Tank ya miaka ya 1970, ambapo mahakama ilisema kwamba vyanzo viwili vinapofanya kazi pamoja kuleta hasara moja, na kimoja kimetengwa waziwazi na mkataba, basi lile katazo, yaani kipengele kinachokitenga chanzo hicho, ndilo linaloshinda. Ndiyo maana ninaungana kwa nguvu zote na Mkadiriaji Mstaafu. Zikiwa hasara mbili, kesi hiyo haikugusi. Ikiwa hasara moja yenye vyanzo viwili, unaweza kukosa vyote. Yale maneno "kwa njia nyingine yoyote" yaliyomo kwenye barua yamewekwa kwa ajili ya hali hiyo hasa. Jora moja lililoloa mvua kisha likaanguka kwenye tope, ukweli ni kwamba lina mgogoro. Liweke kwenye orodha yake peke yake ili lisichafue mengine.

Mzigo wa uthibitisho nao una ngazi zake. Wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba hasara imetokana na dhoruba iliyomo katika bima. Ukishafanya hivyo, anayedai kwamba katazo linahusika ndiye wa kulithibitisha. Sheria yetu ya Ushahidi inasema anayedai jambo ndiye mwenye kulithibitisha. Na maneno ya mkataba yenye utata husomwa dhidi ya aliyeyaandika, ingawa kanuni hiyo huja mwisho, baada ya njia nyingine za kutafuta maana kushindikana. Mteja asiikimbilie kama dua.

Kuhusu kutokueleza habari ya mafuriko. Ni kweli kwamba mkataba wa bima ni mkataba wa uaminifu wa hali ya juu, na anayekata bima ana wajibu wa kueleza jambo la maana hata kama hakuulizwa. Lakini hukumu yenyewe iliyoasisi kanuni hii, ya Carter dhidi ya Boehm ya mwaka 1766, mshindi wake alikuwa mwenye bima, yaani aliyeikata. Gavana wa ngome moja ya Waingereza huko Sumatra aliikatia bima dhidi ya kutekwa na maadui, Wafaransa wakaiteka, na mtoa bima akakataa kulipa kwa madai kwamba hakuelezwa udhaifu wa ngome wala uwezekano wa kushambuliwa. Jaji Lord Mansfield alisema mwenye bima halazimiki kueleza yale ambayo upande wa pili unayajua, au unapaswa kuyajua kwa kazi yake. Sasa ninauliza: kuna kampuni ya bima yenye ofisi Dar es Salaam isiyojua kwamba bonde la Msimbazi hufurika? Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha wakazi wa bondeni mpaka Mabwepande, na barabara ya Jangwani imefungwa mara ngapi tangu wakati huo?

Kuhusu milioni 9, usisaini karatasi ile kama ilivyo. Saini ya kukiri malipo ya mwisho ni mkataba mpya, na kuivunja baadaye kwa kusema ulikuwa na shida ya fedha ni kazi ngumu sana mahakamani. Shida ya fedha peke yake si shinikizo la kisheria. Unaweza kuwajibu kwamba upo tayari kupokea kiasi hicho kama malipo ya awali, bila kuathiri dai lililobaki. Huenda wakakataa, lakini jibu lako litabaki kwenye jalada. Vilevile usimwandikie mwenye ghala barua yoyote ya kumsamehe kuhusu paa, kwa sababu kampuni ikikulipa inarithi haki yako ya kumdai, na ukiiua haki hiyo umewapa sababu mpya ya kukataa.

Kuhusu pa kwenda, anza na malalamiko rasmi kwa mkuu wa kampuni. Yasipojibiwa au yakikataliwa, kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Njia hiyo ni nafuu na haidai wakili, ila ina ukomo wa kiasi cha dai, hivyo uliza ukomo wa sasa kabla hujaandika. Hapa kutenganisha hasara kunaweza kukufaa tena, kwa kuwa dai la rafu lililopunguzwa kwa uwiano ni dogo kuliko zile milioni 70. Mahakama iwe mwisho. Lakini angalia tarehe: mikataba mingi ya moto ina sharti kwamba dai lililokataliwa lisipopelekwa kwa msuluhishi anayetajwa na mkataba wenyewe au mahakamani ndani ya miezi kumi na miwili, linahesabiwa limeachwa. Sheria yetu ya Mikataba haipendi masharti yanayofupisha muda wa mtu kudai haki yake, na mawakili tunabishana kama sharti hilo linasimama. Wewe usiwe mfano wa mabishano hayo. Hesabu miezi kumi na miwili kuanzia tarehe ya barua ya kukataa, na uwe umeshafungua kabla.

Mkazi wa Houston

Salamu kutoka Texas. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu na tuko Waswahili wengi huku, Wakongomani hasa. Nimesoma mjadala huu nikashtuka jinsi unavyofanana na yale tuliyoyapitia baada ya kimbunga Harvey, Agosti 2017.

Huku bima ya kawaida ya nyumba inafidia upepo na mvua iliyopita kwenye paa lililobomolewa na upepo, lakini haifidii mafuriko. Bima ya mafuriko inakatwa peke yake, mara nyingi kupitia mpango wa serikali ya shirikisho ulioanzishwa mwaka 1968, ambao ukomo wake kwa nyumba ya kuishi ni dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vitu vya ndani, na kwa kawaida ukiikata leo inaanza kufanya kazi baada ya siku 30. Wengi wetu tulikuwa wapangaji, tukadhani bima ya mpangaji inatosha. Maji ya Harvey kwa Houston yalitoka chini. Tulipata jibu lile lile la dada.

Kilichonifanya niandike ni hoja ya hasara mbili. Kimbunga Katrina kilipopiga pwani ya Mississippi tarehe 29 Agosti 2005, nyumba nyingi zilibaki sakafu ya zege tu. Upepo ulikuja kwanza, kisha bahari ikapanda. Mikataba ilikuwa na maneno kama hayo ya kwako, kwamba hasara ya maji haifidiwi hata kama jambo jingine limechangia, kwa pamoja au kwa kufuatana. Kwa miaka kadhaa mahakama za shirikisho ziliyapa maneno hayo nguvu kubwa. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya jimbo la Mississippi ikasema jambo ambalo hata bibi yangu angelielewa: hasara ikishatokea kwa upepo, haki ya fidia imeshazaliwa saa ile ile, na maji yanayokuja baadaye hayawezi kurudi nyuma kuifuta. Haikufungi wala haimfungi jaji wa Tanzania, ila wakili wako anaweza kuisoma.

La pili ni ripoti, na hapa ninamuunga mkono mama wa Likoni. Huko huko Mississippi kampuni binafsi ndizo zilizokuwa zikikadiria hasara zote mbili, ya upepo inayolipwa na kampuni yenyewe na ya mafuriko inayolipwa na fedha za serikali. Unaona kishawishi kilipo. Dada wawili waliokuwa wakikagua hasara walifichua kwamba kwa nyumba moja mhandisi wa kwanza aliandika kuwa upepo ndio uliobomoa, kisha ikatafutwa ripoti ya pili iliyosema ni maji. Mwaka 2013 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba kampuni ya bima ya State Farm iliidai serikali dola 250,000 za mafuriko kwa nyumba hiyo isivyo halali, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuifuta kesi ile. Kwa hiyo usiombe "ripoti ya mkadiriaji". Omba ripoti zote, pamoja na ya awali.

Muuza Vitenge, Dar es Salaam

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nafuatilia karatasi. Asanteni sana, nimesoma kila neno zaidi ya mara moja. Mzee wa Soko, shikamoo, na usidhani nimekupuuza. Wiki ya kwanza nilikaribia kusaini.

Mstari wa tope ukutani uko sentimita 47. Rafu ya chini iliyokuwa na mzigo inaanza sentimita 85. Kwenye hesabu zangu mzigo wa siku ile ulikuwa wa milioni 160 kwa bei ya kununulia. Nilipouliza, yule kijana wa kampuni akasema milioni 200 ni "thamani ya soko". Majora yaliyoloa mvua kisha yakaanguka chini ni kumi na moja tu, nimeyatenga.

Fomu ya maombi benki wamenipa nakala. Inauliza kuta ni za nini, kuna walinzi wangapi, kuna mitungi ya kuzimia moto mingapi. Habari ya mafuriko hakuna kabisa. Na ndani ya jalada la mkopo nimekuta karatasi ambayo sikujua kama ipo: ofisa alikuja kukagua ghala kabla ya mkopo, akaandika kwa mkono wake kwamba jengo liko "jirani na mto", akapiga na picha mbili. Je, hii inanisaidia au inaniumiza?

Wakili wa Upanga

Inategemea benki ilikuwa nani siku ile. Siku hizi benki nyingi zimesajiliwa kuwa mawakala wa bima, na ukithibitisha kwamba benki hiyo ilikukatia bima ikiwa wakala wa kampuni hiyo, utakuwa na hoja nzito kwamba alichokijua wakala katika kazi hiyo kilijulikana na kampuni. Watajibu kwamba ofisa alikuja kwa ajili ya mkopo na si kwa ajili ya bima, na jibu hilo si la kipuuzi. Tafuta tarehe za karatasi zote mbili, na uangalie kama sahihi ya ofisa aliyekagua ndiyo iliyopo pia kwenye fomu ya bima. Nenda TIRA ukaulize kama benki ilikuwa na usajili wa uwakala mwaka huo.

Mkadiriaji Mstaafu

Wakati wakili anasubiri tarehe, mimi nimalizie hesabu. Kwa milioni 160 uwiano ni asilimia 75. Asilimia 75 ya milioni 48 ni 36, na ukitoa asilimia 10 inabaki milioni 32.4, kabla ya kutoa thamani ya mabaki na yale majora kumi na moja. Weka pia gharama za maturubai na vibarua wa usiku ule, kwa kuwa mikataba mingi hurudisha gharama zilizotumika kwa busara kuzuia hasara isikue. Barua yako iwe na kurasa mbili tu: moja ya rafu, yenye saa, vipimo na kiasi, ya pili orodha ya viambatisho. Usitaje mafuriko isipokuwa kuonyesha yaliishia sentimita 47. Ukishaiandika, kabla ya kuipeleka, ifunike namba ya mkataba uiweke hapa tuisome.

Muuza Vitenge, Dar es Salaam

Sahihi ni ile ile, na kati ya ukaguzi na fomu ya bima kuna siku tatu. Barua naiandika leo usiku, kesho asubuhi nitaiweka hapa.